Nilivyozionea Wivu Kero za Uingereza

Mdogo wangu aliishi Uingereza, Leeds, na kazi yake ya Jumapili ilikuwa kulalamika. Siku sita za wiki alihudumia vikongwe kwenye nyumba ya kulelea wazee, siku ya saba alimpigia mama Morogoro na kuishitaki nchi ya watu kuanzia asubuhi yao mpaka mchana wetu. Mimi wakati huo nilikuwa Guangzhou, nanunua nguo za jumla na kuwatumia wateja wangu wa Kariakoo na Iringa. Kila Jumapili saa kumi na mbili jioni ya kule, Morogoro ikiwa saa saba mchana na mama ametoka kanisani, nilisimama kwenye kibanda cha simu za bei nafuu chini ya jengo la biashara la Tianxiu Dasha, kadi ya kukwangua mkononi, nikimsikiliza yule mwanamke wa mtambo akiniambia kwamba namba ninayopiga inatumika.

Simu yenyewe mama nilimnunulia mimi. Niliichagua yenye vitufe vikubwa kwa sababu ya macho yake, nikampa mwenzangu aliyekuwa anarudi nyumbani, nikamsihi aibebe kwenye begi la mkononi isije ikapotea. Nikadhani nimejitengenezea njia ya kufika kwa mama. Kumbe nimewachongea barabara watu wa Leeds.

Nikipata laini, baada ya nusu saa hivi, mazungumzo yetu hayakubadilika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo mama. Huku salama kabisa. Biashara nzuri, mzigo umepanda meli, Mungu ni mwema."

"Haya, ashukuriwe. Kula vizuri."

Mama anatafuta la kusema, halipati, na akilipata linakuwa la Uingereza.

"Mwenzio anasema kule ukitaka kuwa na televisheni ndani kwako lazima ulipie kibali. Kibali, kama cha bunduki."

Na baada ya kulipia, eti, unaonyeshwa nini? Watu waliofungiwa kwenye nyumba moja, hawana kazi, hawana kitabu, wanagombania nani kala jibini ya nani, na taifa zima linakaa kuwatazama mpaka wanalala, na wakilala linaendelea kuwatazama wamelala. Mdogo wangu alisema huo ni ugonjwa. Alisema hivyo Jumapili baada ya Jumapili, jambo lililonifanya nijue kwamba yeye mwenyewe hakosi hata siku moja. Kulikuwa pia na mashindano ya kuimba, ambapo mtu anatoka kwao na mama yake na shangazi yake, anasimama mbele ya waamuzi, anatukanwa, na watu wanapiga simu kumchagua. Huko alikuwepo kijana mmoja mwenye sauti ya kukwaruza ambaye mdogo wangu alimpenda, na mama, aliyekuwa hajawahi kumsikia akiimba hata neno moja, alimwingiza kwenye sala zake za jioni. Siku kijana huyo alipotolewa niliambiwa habari hiyo kabla sijaulizwa hali. Mimi nilikuwa na kontena baharini wiki hiyo, na sijui kama liliombewa.

Niseme wazi: niliona wivu. Sikumwonea wivu kwa Uingereza yenyewe, ingawa hapo zamani nauli ilikuwa ya mtu mmoja na aliyepelekwa ni yeye, kwa kuwa alifaulu kidato cha sita na mimi sikufaulu. Hilo nilishalimeza. Nilizionea wivu kero zake. Alikuwa na kero nzuri mno, na hakujua.

Alilalamika kwamba ukimkanyaga Mwingereza mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi, na haimaanishi lolote. Mimi nikisikia hivyo nilitazama visigino vyangu. Pale sokoni Guangyuan Xilu wapagazi wanasukuma marobota kwa mikokoteni ya chuma, wakikuparua kisigino wanakufokea wewe kwa kuwa na kisigino. Ningelipia kibali kuombwa radhi isiyomaanisha lolote. Alilalamika kwamba wanapanga foleni hata wakiwa wawili, na wa tatu akija anauliza kama hiyo ni foleni. Mimi lifti ya Tianxiu nimeiingia kwa kiwiko miaka yote. Alilalamika kwamba jirani hakusalimii, ila pipa lako la taka likikaa upande usio wake anakuandikia barua na kuisukumiza chini ya mlango, yenye "tafadhali" tatu na hasira tupu ndani yake. Jirani yangu wa Sanyuanli, mtaa niliopanga chumba, alikuwa anatoboa ukuta kwa mashine tangu alfajiri, na hakuwahi kuniandikia hata tafadhali moja. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Tena alikuwa na hukumu juu ya kila kitu. Kula chipsi zenye siki ndani ya basi. Miguu na viatu juu ya kiti cha treni. Mbwa kulala kitanda kimoja na mwenye nyumba na kumlamba usoni. Ijumaa jioni wasichana wenye heshima zao, walioshinda ofisini wiki nzima, wakitapika kando ya barabara na viatu mkononi, na Jumatatu wakikusalimia kwa habari za mvua. Watu wanaokuambia "lazima uje kwangu siku moja" na siku hiyo haina tarehe. Mabomba mawili kwenye sinki moja, la maji ya moto na la maji ya baridi, mbalimbali, ili uchague kuungua au kuganda. Mama alivijua vyote hivi kama alivyojua mistari ya nyimbo za kanisani.

Krismasi moja nilikwenda nyumbani, nikadhani sasa nitamfaidi mama. Jumapili ile alikaa mkekani anachambua mchele kwenye ungo, nami pembeni yake. Simu ikaita. Akaiweka sauti kubwa, akaisimamisha kwenye kikombe, akaendelea na mchele wake. Ilikuwa saa nzima na robo. Mdogo wangu anasema, mama anasema "enhe". Mdogo wangu anasema tena, mama anacheka, anatoa jiwe, anasema "enhe, ikawaje?" Aliposimuliwa kwamba kuna kikongwe aliyemwita mwizi kwa sababu ya soksi, mama aliacha mchele. "Pole mwanangu," akasema. "Sasa wewe ukamjibuje?" Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nimesafiri mabara mawili na masanduku matatu, na katika saa nzima na robo niliombwa kitu kimoja tu, kwamba nimpishe mwanga.

Sikuwahi kupewa "enhe" hata moja. Nilirudi Guangzhou nikiamini mama anaipenda Uingereza.

Hapa nieleze jambo la vibanda vile, maana asiyevijua atadhani mimi ni mtu wa kiburi. Vilikuwa sita, vimepangwa ubavu kwa ubavu, na kuta zake zilikuwa za mbao nyembamba. Ndani yake na nje kwenye benchi la kusubiri walikuwa watu wa Dar, wa Arusha, wa Mombasa, wa Lubumbashi, na wote walisikia Kiswahili. Mfanyabiashara akisema simuni kwamba mzigo wake una kasoro, kabla hajapanga foleni ya wali wateja wake wa Kariakoo wameshaambiwa, na kesho wanaagiza kwa mwingine. Kwa hiyo sisi sote tulijifunza sala moja: salama, nzuri, umepanda, Mungu mwema. Kibanda cha pili kutoka changu alizoea kusimama mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi, mtu mzima, mwenye suti ya kijivu ya kila Jumapili. Nilijua kabisa kwamba simu alizonunua zilikuwa maganda matupu, kwa sababu aliniomba nimsaidie kumtafuta aliyemuuzia. Lakini kibandani alipaza sauti kwamba biashara ni nzuri: "Affaires iko bien, maman. Hakuna problème." Tulidanganyana kwa adabu, na kila mtu aliheshimu uongo wa mwenzake.

Mwezi wa nne uliofuata, msimu ule Guangzhou inapotoka jasho, kuta zinalowa na vigae vinateleza bila mtu kumwaga maji, marobota yangu manane ya masweta ya shule yalilowa kwenye ghala la wakala. Yalikuwa ya wateja wa Iringa, kwa ajili ya baridi ya mwezi wa sita. Nilimwambia laoban, yaani mwenye ghala, kwamba paa lake linavuja. Akatazama juu, akatazama chini, akasema "mei you", yaani hakuna kitu kama hicho. Nikayapandisha chumbani kwangu Sanyuanli, ghorofa ya sita, robota moja baada ya jingine. Siku tisa nililala katikati ya masweta. Niliyatundika kwenye madirisha, kwenye feni, kwenye kamba nilizofunga toka mlangoni hadi chooni, nikayakausha mkono mmoja mmoja kwa mashine ya kukaushia nywele. Nikimaliza huku, kule kumeota ukungu. Bega la kulia likagoma kupanda.

Jumapili ya kwanza katika siku hizo nilishuka kupiga simu. Inatumika. Inatumika. Ilipopatikana nikasema salama, nzuri, umepanda. Mama akasema ashukuriwe, kisha akanipa habari za Leeds, kwamba mwenzio amepanda basi na mtu akavua soksi. Nikakata. Nilipotoka, yule mzee wa Lubumbashi alikuwa benchini anafunga kamba za viatu.

"Dada," akasema, bila kuinua kichwa. "Miye minakusikiaka kila Jumapili, kila dimanche. 'Muzuri, muzuri, Mungu ni mukubwa.' Na téléphone inaisha. Sasa maman atakuuliza nini?"

Nilitaka kumjibu kwamba hata yeye ni hodari wa hakuna problème. Lakini lile neno lake lilikuwa limeshanishika. Nilipanda metro nikiwa nalo. Usiku nikiwa nageuza masweta nikahesabu upya kila nilichokisikia Krismasi ile, na nikaona kwamba mama hakuwahi kusema "enhe" kwa habari njema. Habari njema alimshukuru Mungu, akamaliza.

Basi Jumapili iliyofuata niliamua kulalamika. Na hapo ndipo nilipojua kwamba sijui. Miaka mitano ya kusema salama ilikuwa imenikausha. Nilishika mkono wa simu, nikasikia watu wa benchini wakikohoa nyuma yangu, nikaogopa kutaja masweta, na nikashika cha kwanza kilichokuwa karibu na ulimi.

"Mama, watu wa huku wananiudhi."

"Wanakuudhi?" Sauti yake ilibadilika. Nilisikia kiti kikivutwa.

"Jirani yangu. Ameniandikia barua kuhusu pipa la taka."

"Jirani wa huko China?"

"Ndiyo mama. Akaisukumiza chini ya mlango."

"Ameiandika kwa Kichina?"

Nikauzungusha waya wa simu kidoleni.

"Ukaisoma?" akauliza.

Nilihisi masikio yakipata moto. Nilikuwa nimemwibia mdogo wangu hata pipa la taka, mtu mzima wa miaka thelathini na nane, mnunuzi wa kontena.

"Hiyo barua ni ya mwenzio," mama alisema. Hakucheka. "Alinisomea yote. Ya kwako iko wapi?"

"Sina mama. Huku salama."

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Miaka mitano unaniambia salama. Hata mbinguni sijui kama kuna salama ya namna hiyo. Nikiweka simu chini nakaa nakuwaza, maana sijui nikuwazie nini. Mdogo wako namjua hata soksi zake. Wewe nakujua nini?"

Benchi zima lilikuwa linasikiliza. Kulikuwa na watu wanne pale, na wawili kati yao waliuza nguo kwa wateja wale wale niliowauzia mimi. Nilimwona yule mzee wa Lubumbashi akigeukia ukuta na kuanza kusoma tangazo la Kichina kwa makini sana.

"Mama," nikasema, "masweta yamelowa."

"Enhe."

Nikauvuta mlango wa kibanda kwa mguu, ingawa ulikuwa haufungi. Nikasema yote. Nikasema ghala, paa, mei you. Nikasema ukungu na ngazi za ghorofa sita. Nikasema visigino. Nikasema kwamba kule sokoni kila mtu ananiita rafiki na hakuna hata mmoja anayejua jina langu, na kwamba bega haliniruhusu hata kuchana nywele. Mama akasema enhe, akasema pole, akasema huyo mwenye ghala ana watoto? Akaniuliza bega gani. Akanifokea kwa kulala kwenye unyevu. Kadi iliisha, nikanunua nyingine, nikarudi kwenye mkono wa simu, na alikuwa ameshapokea kabla haijaita mara mbili.

Jumatano wateja wangu wawili wa Iringa walikuwa wameagiza masweta kwa mtu mwingine. Nilijua, wakati ule ule niliposema, kwamba ingekuwa hivyo.

Lakini Jumapili ile ile, nikiwa napanda ngazi za Sanyuanli, simu yangu ya mkononi ilitikisika. Ulikuwa ujumbe kutoka Leeds. "Dada, ni wewe unaongea na mama? Nimepiga saa nzima na nusu inatumika."

Niliusoma mara tatu, nimeegemea ukuta unaotoka jasho. Sikumjibu mpaka Jumanne.