Mama Mkwe Ataketi Wapi: Kujaribu Pikapu kati ya Same na Bombo

Tulihitaji pikapu kwa sababu mbili zisizopatana. Kazi yangu ni kununua tangawizi na ndizi kwa wakulima wa Upare wa kusini na kuziuza Same mjini. Kwa kazi hiyo, bodi ndefu ni mtaji. Sababu ya pili ilikuwa goti la mama mkwe wangu, anayeishi Bombo. Daktari wa mifupa aliyeko Moshi alitaka kumwona kila mwezi, naye alikuwa ameanza kukosa miadi, maana bodaboda ya kuteremka mlima ilimtesa. Daktari alikuwa amesema wazi: akiendelea kukosa, hatatembea tena.

Same, asubuhi. Muuza magari mmoja alikuwa na pikapu mbili, zote foo wili za dizeli. Singo kebini ilikuwa na viti viwili na bodi ndefu. Dabo kebini ilikuwa na viti vitano, lakini bodi yake ilikuwa fupi. Aliniruhusu kujaribu moja kwa siku nzima, nikachagua singo kebini bila kusita. Mke wangu, Namsifu, aliuliza, “Na mama ataketi wapi?”

“Mbele, nami. Wewe utavumilia kwenye magunia.”

Alicheka peke yake. “Haya. Tutaona.”

Kisiwani hadi Maore. Barabara ya vumbi hufuata ukingo wa milima, nyika ikiwa kushoto. Hapa nilijifunza jambo la kwanza: springi za gari la mizigo hazina huruma kwa gari tupu. Tulirukaruka mpaka Namsifu akashika dashibodi kwa mikono yote miwili.

Baada ya Gonja mlima ulianza. Niliingiza foo wili, na gari likapanda bila kulalamika. Kwenye kona moja wanaume walikuwa katika msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wakijaza mawe pale mvua ilipoila barabara. Walitupisha, wakatusalimu kwa Kipare, tukaendelea.

Bombo, adhuhuri. Nilisimama mbali kidogo na baraza, macho pembeni, kama mkwe anavyopaswa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Namsifu, mwulize mwenzio kama amekula.”

Hivyo ndivyo tunavyozungumza tangu nilipooa: maneno yake hupitia kwa binti yake, ingawa nayasikia yote. Desturi hiyo naiheshimu, ila nilidhani imebaki katika salamu tu.

Tulipomaliza kupakia tangawizi, mama alikuja na mkongojo wake, akaupita mlango wa kebini uliokuwa wazi, akaenda kushika ukingo wa bodi.

“Mama, ni mbele huku,” Namsifu alisema.

“Mbele kuna nani?”

“Baba Eliya, ndiye anayeendesha.”

“Basi nipandisheni hapa.”

“Na goti hilo?”

“Goti ni langu. Niketi bega kwa bega na mkwe, kila akibadilisha gia mkono unagusa gauni langu? Bombo nzima watanicheka.”

“Miaka hii, mama!”

“Miaka imekuja, mimi sijahama. Kama haiwezekani, nabaki.”

Miadi ilikuwa kesho yake. Namsifu alininyooshea mkono. “Lete ufunguo.”

Leseni anayo, na mjini huendesha vizuri, lakini hakuwahi kuteremsha mzigo mlimani. Nilimpa. Mama akaketi mbele na binti yake. Mimi nikapanda juu ya magunia.

Kwenye kona ya msaragambo majembe yalisimama.

“Jamani, mkwe kawa utingo!”

“Utingo, mama umeshamkatia tiketi?”

Nilicheka pamoja nao. Kicheko kiliisha mbele kidogo, gurudumu la nyuma lilipozama katika ufa na magunia yakateleza upande wa bonde. Niliteleza nayo hadi kamba iliponizuia. Namsifu hakukanyaga breki kwa hofu; aliacha gia ya kwanza ishike gari, likatoka taratibu. Mimi nina magoti mazima, na bado nilijishika kwa shida. Nilimfikiria mama pale nilipokuwa. Nikawafikiria watoto pia, kwa sababu shule zikifungwa nao wangepanda hapo hapo.

Same, jioni. Mama alipumzika barazani kwetu. Nilimweleza Namsifu kwamba nimeamua kuchukua dabo kebini, ila bodi ile haitatosha. Tangawizi nyingi ya msimu itabaki mlimani, ikiwemo ya mama mwenyewe.

“Namsifu,” mama aliita, “mwambie mwenzio tangawizi ikikosa gari hukaa ardhini ikasubiri. Goti halina pa kusubiri.”

Nilikwenda safari hii nikilinganisha bodi, injini na springi, na vyote vina maana. Lakini familia haipakiwi kama mzigo. Kabla ya kuuliza gari linabeba magunia mangapi, ningepaswa kuuliza ni nani anaweza kuketi karibu na nani.

Kuelekea Moshi, kesho yake. Nilirudisha singo kebini, tukaondoka na dabo kebini. Mama aliketi nyuma na binti yake, goti limenyooshwa juu ya kiti, uso wake dirishani. Tulipopita Mwanga alimwambia Namsifu aniambie nipunguze mwendo.

Nilipunguza kabla Namsifu hajafungua kinywa.