Vidole Visivyosomeka

Kananu alikuwa amechora mabango ya maduka mtaani Kinoru, Meru, kwa miaka kumi na sita. Ukiona ng'ombe mnene anayecheka juu ya mlango wa bucha, jua ni mkono wake. Watu walimwita fundi, naye aliridhika na jina hilo, mpaka siku alipompeleka mama yake, Marcella, kusajiliwa kwa bima ya matibabu.

Marcella alikuwa ameponda kokoto machimboni kwa zaidi ya miaka thelathini, nyundo mkono wa kulia, jiwe mkono wa kushoto. Ndivyo alivyomsomesha Kananu. Karani alimwambia aweke kidole gumba kwenye mashine ya kusoma alama za vidole. Mashine ikakataa. Wakajaribu cha pili, cha tatu, mpaka vyote kumi vikaisha.

"Shosho, panguza na kitambaa ujaribu tena," alisema karani. Marcella akapanguza, akajaribu. Karani akacheka kidogo, wala hakuwa na ubaya. "Sasa tutajuaje kama ni wewe?"

Walipofika nyumbani Marcella alikaa akaitazama mikono yake kana kwamba ameiazima.

Wiki hiyo Kananu alikataa kazi mbili za mabango. Alifumua magunia ya kahawa, akayapaka gundi iliyochanganywa na vumbi la mawe alilozoa machimboni. Kwenye kila gunia alichora kidole gumba kimoja, kikubwa kuliko mtu. Nyufa zilionekana, na makovu. Lakini pale ambapo mistari ya kidole ingekuwa, aliacha patupu, gunia lenyewe likibaki wazi. Chini yake aliandika jina kamili la mwanamke mwenye kidole hicho na mwaka alioanza kuponda mawe.

Alichora saba. Wanawake sita wa machimboni aliwaomba ruhusa. Mama yake hakumwomba. Mama alikuwa wake.

"Umeandika jina langu chini ya kitu ambacho hakina kitu," Marcella alisema alipoiona picha yake. "Pale ofisini nilichekwa na mtu mmoja. Wewe unataka nichekwe na Meru nzima?"

"Mama, nataka waone kazi iliyovila hivyo vidole."

"Hukuniuliza."

Ilikuwa kweli, na Kananu alijua. Akaikunja picha hiyo, akaiweka juu ya kabati.

Muchangi, mtu wa Embu aliyekuwa akifundisha sanaa chuoni Nchiru, alimtafutia ukumbi mdogo huko kwa siku tatu. Siku ya kwanza wanafunzi walipita wakipiga picha kwa simu, na mmoja akauliza kama mchoraji alisahau kumalizia. Siku ya pili walikuja wanawake wa machimboni, wamevaa nguo za kanisani. Gacheri, ambaye kicheko chake husikika ng'ambo ya mto, alisimama mbele ya jina lake, akalisoma polepole, kisha akalia bila kuuficha uso.

Nyuma yao aliingia Marcella. Aliuzunguka ukuta wote, akasimama.

"Yangu iko wapi?"

"Ulinikataza, Mama."

"Nilikukataza." Akamtazama Gacheri. "Lakini huyu alinikuta machimboni. Mimi ndiye nilimwonyesha kushika nyundo. Watu watadhani sikuwa huko."

Kananu alikimbilia nyumbani Kinoru, akarudi na picha kabla ya saa kumi. Waliitundika upesi, ikakaa upande. Marcella hakutaka inyooshwe. Alisimama kando yake hadi ukumbi ulipofungwa, akiwaeleza wanafunzi jinsi ya kulijua jiwe litakalopasuka vizuri, na lile litakalokurukia jichoni.

Bima ilipatikana baada ya miezi mitano, kwa barua ya chifu na mashahidi wawili. Marcella aliitumia mara moja tu. Baridi ya Julai ilimkuta na kifua kilichojaa vumbi la miaka, akalazwa siku tisa, na ya kumi hakuamka.

Wale wanawake sita walichukua picha zao. Gacheri ameitundika yake sebuleni, kando ya kalenda ya kanisa. Ya Marcella ilibaki Nchiru, kama alivyotaka mwenyewe, kwa sababu alipenda maswali ya wanafunzi. Kananu anaendelea na mabango, na siku za Ijumaa huteremka mashambani Mitunguu na daftari la kuchorea, akakaa na wanawake wanaokata ndizi, akitazama utomvu ulivyoipaka mikono yao weusi.