Mzee Aliyejisifia Kuchomoa Gia

Cheka ukitaka, sitakuzuia. Ila haya yalinitokea mimi, mchana, jua likiwaka. Darasani hata kujibu swali naona aibu, sasa nitunge uongo ili watu wanitazame kwa faida gani?

Trekta letu kuukuu, linalobeba mikungu ya michikichi hapa Ilagala, lilikuwa linachomoa gia ya tatu kwenye mteremko wa kwa Bibi Daforoza. Bibi ni mjane aliyetoka Burundi, anaishi peke yake. Majirani wakasema anatuloga. Baba naye akaafiki, na Jumamosi watu wangekutana kumfukuza. Huyo Bibi ndiye aliyenilea mama alipofariki. Ningenyamaza vipi?

Ijumaa nikawasha trekta, tela limejaa, nikaenda kuchunguza mwenyewe. Juu ya mteremko mzee mmoja akainua mkono kuomba lifti. Nikamwamkia, hakuitikia. Akakaa kwenye madigadi, juu ya gurudumu la nyuma, kama watu wote wanavyokaa. Niamini, kivuli changu kilikuwa pale chini, na cha trekta. Chake hakikuwepo.

Gia ikachomoka. Nikakanyaga breki hadi tukasimama. Mzee akacheka.

"Ni mimi naichomoa, binti. Yule bibi hana lolote. Mlima huu wangu."

Wewe ungefanyaje? Mimi hasira ilizidi woga. Maana ushahidi huo ningempelekea nani? Wangesema Bibi ndiye aliyemtuma.

"Basi shuka," nikamwambia.

Akashuka, sijui alielekea wapi. Nikaendesha hadi mteremko mwingine, mbali, karibu na ziwa. Nikaweka ya tatu, nikapunguza mafuta, kiganja kikiwa juu ya leva ya gia. Ikachomoka vilevile, na mzee hayupo! Baba mwenyewe alinifundisha kwamba meno ya gia yakilika, leva hukusukuma mkono kwa nguvu. Hii haikunisukuma. Iliteleza taratibu, kama mlango usio na komeo.

Nyumbani nikamwomba Baba afungue kifuniko cha giaboksi. Akasema uchawi haufunguliwi kwa spana. Nikafungua mimi. Springi inayokandamiza gololi ili gia isitoke ilikuwa imekatika vipande viwili.

Jumamosi nikasimama mbele ya watu waliokutana kumfukuza Bibi, nikawaonyesha vile vipande. Baba akainama. Habari za mzee sikuzigusa.

Bibi yupo kwake. Springi nyingine tuliipata Mwanga, kule mjini, na gia haichomoki tena. Mzee bado anapanda pale juu, ila siku hizi hasemi kitu, amenuna. Bega langu la upande wake huwa la baridi mpaka tufike chini, na sijalizoea. Lakini sitafuta hata neno moja: alikuwepo kweli, na alidanganya kweli. Kwa hiyo ukikutana na wa namna yake, usiamini kila anachojisifia. Na kabla hujamnyooshea jirani kidole, chukua spana ufungue.