Nilimficha Tonton daftari lake Bangkok, nusura nirudishwe Bujumbura kabla ya siku zangu

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Leo nimeamua kujianika. Haya yamenipata mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki yangu, na sijaongeza chumvi. Pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Mimi ni mtoto wa Ngagara, hapa Bujumbura. Nilipata ufadhili wa kwenda Bangkok kusomea mitaro na mafuriko. Anayeujua mtaa wetu wa Buterere unavyofurika wakati wa mvua hatauliza kwa nini nilichagua fani hiyo.

Mwaka wa kwanza nililala hosteli ya chuo. Mwaka wa pili nikahamia kwenye jengo la mama mmoja mpole anaitwa Noi, chumba kimoja, ghorofa ya nne. Kitanda, meza, jiko la umeme la sahani moja, na kibaraza cha kuanikia nguo mbili. Tatu zikiwa ndogo.

Sasa, visa yangu ilikuwa inaisha Ijumaa fulani, na nilikuwa nimebakiza miezi michache tu nimalize andiko langu. Nisipoongezewa muda, narudi nyumbani mikono mitupu. Mlishike hilo.

Wiki mbili kabla ya Ijumaa hiyo, simu ikalia. Tante Goreth.

"Arsène, mi na Tonton yako tunakuya uko. Mi nakuya kununua manguo za kuuza. Tutalala kwako."

Nikamwambia kwa adabu zote kwamba chumba ni kidogo, na kuna hoteli nzuri jirani.

"Hoteli ya nini na mutoto wetu iko?" Akakata.

Niwaeleze hawa watu. Tonton Népo ni mdogo wake marehemu baba yangu, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Tante Goreth ni mkewe, anauza nguo sokoni. Tonton amestaafu. Maisha yake yote alifanya kazi ofisi ya serikali ya zone, kazi ya madaftari na mihuri. Hadi leo mtaani kwetu ndiye anayemsaidia chef de quartier, mkuu wa mtaa, kukagua cahier de ménage.

Kwa wasioijua: kwetu kila nyumba ina daftari lake. Wakaaji wote wameandikwa humo. Mgeni akija kulala anaandikwa, ametoka wapi, ameingia lini, na akiondoka anaandikwa ametoka lini. Askari wakipita asubuhi kukagua na wakute mtu hayumo daftarini, kuna maelezo marefu sana ya kutoa. Sisi tunaiita kaye tu.

Wakafika Alhamisi. Tante akamkumbatia Noi pale mlangoni kwa lile kumbatio letu la kushikana mabega, huku mwenzake amekunja viganja kifuani anainama kwa heshima. Wakagongana vichwa. Wakacheka wenyewe.

Tonton hakucheka. Alikuwa anatazama jengo.

Tulipofika chumbani, kabla hata ya kuvua koti, akaniuliza.

"Kaye iko wapi?"

"Kaye gani, Tonton?"

"Ya nyumba."

"Tonton, huku hawana hayo mambo. Hii ni Bangkok."

Akaketi kitandani polepole.

"We unakaa apa, unalala apa, na akuna mutu ameandika we uko apa?"

"Hakuna."

"Mana yanje," akasema Tante, yaani Mungu wangu. "Kama mwizi."

Wakuu, huyu mzee akafungua begi, akatoa daftari jipya la kurasa mia, rula na biki ya bluu. Alikuja navyo kutoka Bujumbura! Akapiga mistari, akaandika kwa Kifaransa: jina, namba ya paspoti, uhusiano, alikotoka, kuingia, kutoka. Juu kabisa akaandika chef de ménage, mkuu wa nyumba, halafu jina lake yeye.

Nikamwambia, Tonton, kodi nalipa mimi.

"Sawa. Lakini mukubwa ni nani?"

Nikamuomba basi aandike kwa penseli, maana wanakaa siku chache tu. Akanitazama kana kwamba nimetukana.

"Kaye ni wino. Penseli ni ya kitu chenye unaweza kugeuza. Mutu akiingia ameingia, akitoka ametoka."

Nikaachana naye. Nilidhani mambo yameishia chumbani.

Ijumaa asubuhi akashuka saa tatu kamili, koti na tai, joto lile la Bangkok, kumtafuta Noi atie saini. Kiingereza cha Noi cha kuungaunga, na Tonton hana hata cha kuunga. Akamwonyesha mstari, akampa biki. Noi akatia saini kwa heshima ya mvi zake. Tonton akapiga saluti akapanda. Tangu siku hiyo ikawa kila asubuhi, saa tatu kamili.

Kesho yake Jumamosi nikaamka mzee hayupo. Nachungulia kibarazani, namwona chini kwenye kichochoro na ufagio wa mlinzi, amekunja suruali, anafagia. Kwetu Jumamosi asubuhi ni kazi za jamii, kila mtu na ufagio au jembe lake. Mzee aliona mtaa mzima umelala, akaona aibu kwa niaba yao.

Saa nne alikuwa na bibi wawili na muuza supu wanafagia naye. Sijui aliwaambia nini, kwa lugha ipi.

Akiwa pale chini akakiona kile kinyumba kidogo kilichosimama juu ya nguzo mbele ya jengo. Majengo mengi ya kule wanavyo, wanaweka maua na soda nyekundu yenye mrija. Akaniita.

"Apa nani anakaa?"

"Roho za kiwanja, Tonton. Wanaamini zinalinda jengo."

Akaikagua ile soda, Mkatoliki wa watu, akarudi kufagia. Jioni nilipochungulia kaye nikakuta mstari: *Nyumba ndogo mbele. Wakaaji hawajulikani. Wanakunywa soda.*

Jumatatu ndipo aibu ilipoanza kuniingia rohoni. Tante alishazoea treni ya juu na masoko ya nguo, anaondoka asubuhi anarudi jioni na mizigo, hana shida na mtu. Tonton, kwa kukosa kazi, akaanza kupita mlango kwa mlango. Ghorofa ya nne yote, kisha ya tatu. Anagonga, anatoa saluti, anaonyesha daftari. Watu wakaona mzee wa tai na rula, wakaleta paspoti zao bila kuulizwa! Wafilipino wawili, Mnepali mmoja, na jamaa mmoja wa Ulaya aliyefungua akiwa na taulo akarudi kuvaa shati kwanza.

Jumanne Noi akanisimamisha kwenye lift. Uso umempauka.

Akaniuliza kama yule mzee wangu ni mtu wa serikali.

Na mimi, kwa akili zangu zote za masters, nikajibu ukweli: ndiyo, amefanya kazi serikalini maisha yake yote, mambo ya kuandikisha watu.

Akasema asante. Akaingia ofisini kwake akafunga mlango.

Nikajua nimekwisha, huyu mama atatufukuza. Nilikasirika, wakuu, nisidanganye. Nilimwona Tonton ni mshamba anayenidhalilisha mbele ya watu wanaoniheshimu. Jumatano alfajiri, akiwa bafuni, nikalichukua daftari nikalizamisha ndani ya mfuko wa mchele chini ya meza.

Mzee alilitafuta siku nzima. Chini ya godoro, ndani ya mabegi, mpaka kwenye mizigo ya Tante. Hakuniuliza hata mara moja. Alikaa tu kibarazani na biki yake mfukoni, na siku hiyo hakushuka kwa Noi.

Moyo uliniuma. Lakini sikulitoa. Mimi mwenyewe nikaanza kupita ngazi za nyuma ili nisikutane na Noi.

Ijumaa ikafika, siku ya mwisho ya visa. Nilikuwa nimechelewa kwa kuwatembeza wageni, ndio kisingizio nilichojipa. Tonton akasema anakuja nami.

"Mutoto akiitwa ku biro, mukubwa anaenda naye."

Mtoto mwenyewe nina miaka ishirini na tisa.

Uhamiaji tukasubiri mpaka mchana. Zamu yangu ikafika, dada mmoja wa miwani akapitia karatasi zangu moja moja. Barua ya chuo, sawa. Picha, sawa. Kisha akauliza: na stakabadhi ya makazi iko wapi?

Stakabadhi gani?

Akanieleza taratibu, kama mtu aliyeeleza jambo hilo mara nyingi. Nchi hii, anayemlaza mgeni lazima aripoti ndani ya saa ishirini na nne: jina lake, paspoti yake, ameingia lini, analala wapi. Hosteli ya chuo ilikuwa ikiniripotia bila mimi kujua. Kwa anwani hii mpya haoni karatasi. Bila karatasi hawezi kuendelea, na leo ndiyo siku yangu ya mwisho.

Tonton akanivuta shati. "Banauliza nini?"

Wakuu, hilo jibu lilitoka kwa shida kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya.

"Wanauliza kama nimeandikwa kwenye nyumba ninayolala."

Nilingoja aseme "nilikuambia". Nilistahili.

"Na kaye iko wapi, mutoto wangu?"

"Iko ndani ya mfuko wa mchele, Tonton. Mimi ndiye niliyeificha. Nisamehe."

Akatia mkono ndani ya koti, akatoa daftari.

"Jana Tante yako alipika nini?"

Wali. Alipika wali!

Akaliweka mezani kwa yule dada na kulifungua. Punje za mchele zikamwagika juu ya kibodi. Dada akatazama mchele, akamtazama mzee wa tai, akaanza kusoma. Kifaransa hakujua, lakini namba za paspoti ni namba za paspoti. Akamwita mwenzake. Wakafunua kurasa: ghorofa ya nne, ghorofa ya tatu, tarehe, saini za Noi zimepangwa vizuri. Wakafika penye michoro ya kile kinyumba kidogo cha soda, maana mzee alikichora pia, wakacheka mpaka mmoja akavua miwani.

Kisha yule dada akakitazama kidole cha Tonton kilichokuwa kimetulia kwenye saini ya Noi, akaonekana kuwaza. Akaandika namba yangu kwenye kompyuta.

Akageuza kioo nikione.

Jina langu lilikuwemo. Limeripotiwa na Noi. Jumanne.

Nilitoka pale na muhuri kwenye paspoti na machozi usoni, sioni haya kusema. Tonton alikuwa anakusanya punje za mchele mezani moja moja, hataki kuchafua ofisi ya watu.

Tulipofika nyumbani Noi alikuwa mlangoni na bahasha. Kumbe Jumanne ile aliniacha kwenye lift akaenda kukaa kwenye kompyuta, akaripoti wageni wote wa jengo lake aliokuwa ameacha kuwaripoti kwa uvivu. Mimi, Tonton, Tante, Wafilipino, wote. Faini ya kuchelewa akakubali mwenyewe. Jumatano asubuhi stakabadhi zote zilikuwa tayari, akakaa akimsubiri mkaguzi apite saa tatu kama kawaida yake, ampe.

Mkaguzi hakupita. Kwa sababu mimi nilikuwa nimemficha daftari.

Hebu fikirieni. Karatasi niliyoililia uhamiaji ilikuwa mezani kwa Noi siku mbili, na mimi namkwepa kwa ngazi za nyuma.

Jumapili waliondoka. Tonton akajiandika *kutoka*, yeye na Tante, kwa wino, Noi akatia saini. Hakulichukua daftari. Lilibaki juu ya meza ya mlinzi, na mpaka leo Noi ananitumia picha. Kila mpangaji mpya anaandikwa humo. Kile kinyumba nacho bado kiko kwenye orodha.

Mimi nilimaliza masomo, nimerudi Ngagara wiki iliyopita. Tonton alinipokea mlangoni, na kabla hata sijaweka begi chini akaleta kaye ya nyumba. Nikacheka. Nikachukua biki, nikafunua kurasa za wageni nijiandike.

"Apana. We si mugeni. Rudi page ya kwanza."

Page ya kwanza kuna yeye, Tante, marehemu baba, binamu zangu, na mimi. Kwenye mstari wangu, chini ya *kutoka*, kuna tarehe niliyopanda ndege. Daftari zima ni wino wa bluu, hata tarehe aliyofariki baba ni wino.

Yangu ilikuwa ya penseli.

Akanipa kifutio, akasema nifute mwenyewe.

Ndiyo hivyo, wakuu. Nilichojifunza ni kwamba kabla hujamwonea mzee wako haya mbele ya watu, angalia kwanza kama si wewe usiyejua. Wenye wazee wa namna hii karibuni mshushe visa vyenu. Na aliyewahi kuficha kitu kwenye mfuko wa mchele naye aseme, asiniache peke yangu.