Mabua Matatu ya Kupimia Pawa Saplai

Mwaka ule nilikuwa fundi wa kompyuta pale Kilosa kwa sababu hakuna aliyeniuliza nimejifunzia wapi. Kabla ya hapo nilikuwa mpakia vitunguu, mkata mkonge, na kwa majuma machache mlinzi wa ghala lisilo na kitu. Kompyuta nilikuwa nimeipangusa vumbi la ndani mara moja tu, ikawaka tena baadaye, na hilo likatosha kunipa jina.

Mwenye kompyuta alikuwa mama mmoja aliyewahi kuwa mpiga chapa katika ofisi ya shamba la mkonge. Shamba lilipobinafsishwa alipunguzwa kazini. Kiinua mgongo chake akanunulia kompyuta ya mtumba na printa yenye kelele, akafungua chumba cha kuchapa karibu na stesheni. Ng'ambo ya barabara alikuwapo mzee mwenye taipureta na mashine ya kudurufu, aliyechapa mitihani ya shule zote za jirani miaka nenda rudi. Yeye aliwaambia wateja kwamba kompyuta ni kama televisheni, ukishamaliza kutazama huna kitu mkononi.

Ndipo mwalimu mkuu wa shule moja ya Chanzuru akampa mama mitihani ya muhula, kwa kujaribu. Mama akaiandika yote, ikabaki kuitoa kwenye karatasi. Ijumaa mchana umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, kompyuta ikatoa harufu ya nywele zinazoungua, ikanyamaza. Mitihani ilitakiwa shuleni Jumatatu asubuhi, na yote ilikuwa humo ndani. Isipofika, mwalimu mkuu angevuka barabara kwenda kwa mzee, na shule nyingine zisingekuja kabisa.

Nilifungua kasha nikatangaza, kwa sauti ya daktari, kwamba kilichokufa ni pawa saplai: kile kisanduku cha bati chenye feni kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawia mashine. Ugunduzi wenyewe ulihitaji pua tu. Kilosa hazikuuzwa, lakini Mikumi, kando ya barabara kuu, palikuwa na duka la vitu vilivyotumika vilivyoletwa na madereva wa malori.

Mtu mwenye akili angeifungua ile mbovu akaenda nayo. Mimi nilijiona nikishuka Mikumi mbele ya madereva wote nimekumbatia bati linalonuka, kama muuza vyuma chakavu, nikakataa. Nikafanya kama mama zetu walivyofanya wakienda gulioni kununua viatu: walipima mguu wa mtoto kwa bua, bua likaenda, mguu ukabaki nyumbani. Nikakata mabua matatu ya mtama, moja la urefu, moja la upana, moja la kimo.

Jumamosi, kwenye pikapu, mwanamke mwenye kuku aliniuliza mabua ni ya nini. Nikamweleza kwa kirefu. Akataka kujua kama hicho kiatu changu ni cha mguu wa kulia au wa kushoto. Abiria wakacheka, nami nikawacheka wao kimoyomoyo.

Mwenye duka alikuwa wa rika langu, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

"Fundi, mbovu iko wapi?"

"Sina haja nayo. Nina vipimo."

Nikapanga mabua mezani. Akayatazama, kisha akamwita dereva mmoja aje ayatazame pia. Halafu akaniwekea pawa saplai mbili. Moja ilikuwa mpya, inang'aa, wati mia tatu. Nyingine ina vumbi, wati mia mbili, imetoka kwenye kompyuta ya zamani. Mabua yalikubali zote mbili. Alinishauri kwamba kama mashine yetu ni ya zamani, nichukue ya zamani. Nikamjibu sikupanda gari kutoka Kilosa kufuata vya kizee. Mia tatu ni nyingi kuliko mia mbili. Hilo nililijua hata kabla shule haijanishinda.

Kilosa, kisanduku kiliingia kwenye kasha kama kimezaliwa humo. Matundu ya skrubu yote yalilingana. Mama akamshukuru Mungu. Kisha nikashika nyaya. Ile iliyoungua ilikuwa na plagi mbili bapa zinazokaa ubavu kwa ubavu. Hii mpya ilikuwa na moja nene, yenye safu mbili za vitundu. Nilisukuma. Niligeuza. Nililowesha kwa mate.

"Imeingia?" mama akauliza.

"Inakaribia."

"Baba, plagi huwa haikaribii."

Jumapili akaifunga kompyuta kwa khanga, akapanda nayo pikapu mwenyewe, akaipakata njia nzima kama mgonjwa. Mimi nilikabidhiwa kikapu cha chakula. Mwenye duka alimwamkia shikamoo, akafungua kasha, akachungulia, akaishusha ile yenye vumbi bila kupima chochote. Plagi zikakaa. Feni ikazunguka.

"Hii nilimwonyesha jana, mama. Akasema ni ya kizee."

Mama alinitazama kuanzia nywele hadi kandambili.

"Mashine yangu ni ya kizee," akamwambia. "Na mimi pia. Tubadilishie."

Feni kuzunguka hakukutuambia kama mitihani imepona, maana skrini tuliiacha Kilosa. Njiani mama aliipakata tena kompyuta yake. Nilimweleza maana ya wati. Hakuwa ameuliza.

Tulipofika akaunganisha skrini mwenyewe. Ikawaka, na mitihani ilikuwamo, hisabati, Kiswahili, yote. Mama hakushangilia. Alisoma ukurasa wa kwanza hadi mwisho, midomo ikicheza, kana kwamba anahakikisha barabara ya Mikumi haikuhamisha tarakimu. Kisha printa ikaanza kulia, na mzee wa ng'ambo akatoka mlangoni kwake kusikiliza.

Jumatatu nilipeleka mzigo Chanzuru kwa baiskeli. Mwalimu mkuu alipapasa karatasi, akalalamika kwamba wino umepauka, halafu akasema nimwambie mama kuwa muhula ujao ataleta kazi mapema zaidi. Nikazifikisha salamu.

"Alisema muhula ujao?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Akachukua kigoda, akakiweka barazani kikitazama ng'ambo ya barabara, akakaa. Mimi nilibaki ndani na printa. Wino kupauka lazima kuwe na sababu, na bisibisi ilikuwa mfukoni.