Penseli Ishirini na Nne

Kwa miaka saba alifundisha kinanda bila kinanda. Alichora vibao vyeupe na vyeusi ubaoni kwa chaki, watoto wakavigonga kwenye madawati yao, naye akawaimbia kila sauti waliyoigonga. "Kinanda nilikuwa mimi," anasema, na haonekani kutania. Chuoni alifuzu vizuri. Shuleni alikuta kipindi cha muziki kimebaki kwenye ratiba kama jina la marehemu ambalo hakuna aliyekumbuka kulifuta.

Kisha shule moja ya binafsi ikafungwa, ikawa inagawa vitu vyake. Wenzake walikimbilia makabati. Yeye alirudi na ukulele ishirini na nne ndani ya magunia mawili: chombo kama gitaa lililonyimwa chakula, chenye nyuzi nne za nailoni zisizoumiza vidole vya mtoto. Kwenye kikao cha wazazi baba mmoja aliuliza kwa nini shule ifundishe kelele ilhali nyumbani zinapatikana bure. Watoto wakambandika jina la Mwalimu Nyuzi, likamganda hadi wenzake wakasahau la kuzaliwa.

Kila wiki hubaki stoo baada ya masomo, kati ya mafagio na maboksi ya chaki, akikaza nyuzi moja moja. Nailoni ni kama mtoto aliyedekezwa: ukiivuta leo, kesho imelegea, inataka uivute tena.

Mwaka huu mwalimu mkuu, mama mpole asiyebadili neno, alimwita ofisini. Kamati ya wazazi ilitaka vipindi viwili vya muziki vipewe hesabu.

"Nimekutetea nilivyoweza, mdogo wangu. Waonyeshe kitu Jumamosi. Wimbo mmoja tu. Ukiharibika, sina la kuwaambia."

Muziki ukiondoka, yeye angepelekwa kusimamia stoo ya vitabu. Angeingia saa moja, angetoka saa kumi, na kati ya hapo kimya.

Ijumaa alipangiwa kusimamia mtihani hadi jioni, kwa hiyo akamwomba mdogo wa mumewe, mpiga gitaa wa bendi, amkazie nyuzi. Shemeji alifanya kazi hiyo kwa moyo wake wote, na hapo ndipo balaa lilipotoka.

Jumamosi asubuhi, nusu saa kabla ya wazazi kuingia, watoto walijipanga koridoni wajaribu. Pigo la kwanza lilitoka tamu, ukulele zote zikipatana. Lakini lilitoka chini. Watoto wakafungua vinywa kuufuata wimbo, sauti zikashuka na kushuka kama ndoo ya kisima, mpaka kamba ikaisha.

"Shemeji, umefanya nini?" akamgeukia mdogo wa mumewe, aliyekuja kusikiliza.

"Nimezikaza."

"Umezilegeza."

"Nimezifuatisha gitaa langu. Zilikuwa juu mno, zinalia kama mbu. Nikasema maskini shemeji yangu, miaka yote hii hakuna aliyemwambia."

"Zinatakiwa zilie kama mbu. Waimbaji wenyewe wana miaka kumi."

Akanyoosha mkono kuzivuta upya. Mwalimu akamshika kiwiko. Nyuzi zikivutwa sasa zingeteleza kabla ya ubeti wa pili, kila moja kwa njia yake.

"Ziache. Angalau zimekosea pamoja."

Mwalimu akaenda kwa karani na kurudi na boksi zima la mipira ya kufungia karatasi, karani akimfuata nyuma.

"Mwalimu, hiyo ni ya kufungia mitihani."

"Mitihani ifunge kwa kamba za viatu. Watoto, kila mtu atoe penseli."

Akalaza penseli moja juu ya nyuzi, akihesabu vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya chombo, mpaka cha tano, akaibana kwa mpira mmoja huku na mwingine kule. Uzi ukifupishwa, sauti hupanda; vyuma vitano vilirudisha kiasi kilekile alichokishusha shemeji. Akapiga. Mbu akarudi.

"Vidole vikae vilevile," akawaambia, "ila vyote vihamie huku ndani, baada ya penseli."

Nafasi ilikuwa finyu. Mkono wa mtu mzima usingeenea. Vidole vya darasa la tano vilienea. Shemeji alipiga magoti akafunga mipira pamoja nao.

"Kwenye bendi si mna kibanio cha kazi hii?"

"Ninacho."

"Kiko wapi?"

"Nyumbani."

Ukumbini, kwenye mstari wa tatu, mpira mmoja ulikatika na penseli ikaanguka sakafuni. Mwenye ukulele hiyo akaacha kupiga, akaendelea kuimba. Wengine hawakugeuka. Sauti zao zilikaa pale pale alipozizoesha, juu na nyepesi, hadi mwisho.

Mwenyekiti wa kamati, fundi wa majokofu, alipanda jukwaani kabla ya makofi kuisha, akaichunguza penseli kama bomba linalovuja.

"Hii inafanya nini?"

Mwalimu akamweleza yote, na shemeji akiwa ndani ya maelezo.

"Kwa hiyo mliigundua hitilafu nusu saa kabla, na chombo mkakiwasha hivyohivyo?"

"Tungefanyaje?"

"Vijana wangu wangemwambia mteja arudi Jumatatu." Akamgeukia mwalimu mkuu. "Mama, vipindi vyake mwachieni. Hesabu tutafute saa nyingine."

Mwalimu mkuu aliinamisha kichwa, akaficha tabasamu. "Nimekusikia."

Mwalimu Nyuzi alifika stoo, akakaa juu ya boksi la chaki, akavua viatu. Akashusha pumzi ndefu, kisha nyingine, kisha akaanza kucheka peke yake. Shemeji akachungulia mlangoni, mkononi ana ukulele mbili.

"Shemeji, nizirudishe juu sasa?"

"Ziweke chini," akasema. "Njoo nikukaze masikio kwanza."