Chembe Zilizogongwa kwa Ukucha

Tangu mumewe afariki, miaka saba sasa, hakuna aliyegonga kikombe kwa ukucha katika nyumba ile. Tik, tik, tik, ndivyo mume alivyokigonga kila alipongoja chai ipoe. Bibi Chembe, kama walivyomwita kazini, alikuwa akimkaripia: "Mwenzangu, kikombe kimekukosea nini?" Siku hizi chai hupoa kimya kimya, naye huinywa baridi.

Mume aliipata tabia ile karakanani. Kwa miaka ishirini walitengeneza pamoja injini za kuisogeza setilaiti ikiwa angani, kila moja ndogo kama bilauri. Injini hizo hazihitaji cheche. Mafuta ni ya aina moja tu, haidrazini, sumu kali. Yakigusa chembe zilizopakwa madini ya iridi, papo hapo hugeuka gesi ya moto, na gesi ndiyo inayosukuma. Waliowatangulia walitumia peroksaidi iliyopita kwenye nyavu za fedha, lakini hiyo ilikuwa ikijiharibikia tangini. Haidrazini hukaa miaka. Bibi alimimina chembe, mume akagonga ukuta wa injini zijipange, pasibaki uwazi. Nyundo ya mbao ilikuwepo. Hakuitaka.

"Ukucha unasikia," alisema.

Injini za mwisho walizojaza pamoja zilikuwa angani kwa miaka kumi na sita, kwenye setilaiti ya matangazo inayokaa daima upande mmoja wa anga. Jioni Bibi hutoka kibarazani akatazama upande ule, ingawa hakuna kinachoonekana.

Jumatatu akapigiwa simu na mkuu wa chumba cha kuongozea, ambaye Bibi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

"Mama, kesho saa nne tunaipeleka setilaiti yenu makaburini. Sikutaka usikie kwa watu."

Makaburini ni njia ya juu zaidi, setilaiti zilizozeeka zinakoegeshwa zisije zikagonga nyingine. Mafuta yaliyobaki yalikuwa ya kubahatisha. Tangi likikaribia kukauka, kipimo hakiaminiki.

Akaenda. Wakampa kiti cha nyuma. Kwenye skrini, joto la chembe lilikuwa nyuzi ishirini na tatu.

"Betri zimechoka," mkuu aliwaambia wenzake. "Tutaiwasha injini hivi hivi, baridi. Mwaka jana ilivumilia."

Bibi alijua. Chembe baridi zikimwagiwa mafuta hupasuka zikawa vumbi, injini ikakohoa na kufa. Setilaiti ingebaki pale pale, juu ya kibaraza chake. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Lakini ingebaki kwenye njia ya wengine, na kazi ya mumewe ingekuwa ndiyo iliyokwama.

"Mwanangu, zipashe kwanza."

"Mama, umeme hautoshi."

"Zima mitambo ya matangazo, ina kazi gani tena? Mzee haamshwi kwa maji ya barafu."

"Wewe wako ulikuwa ukimwamsha kwa kitu gani?"

"Kwa kelele."

Wakacheka, wakazima matangazo, wakapasha kwa muda wa saa moja na nusu hadi nyuzi mia na hamsini. Kisha wakaiwasha injini. Kwenye skrini, mstari wa mgandamizo wa gesi ukaruka kidogo kidogo, pigo baada ya pigo, na Bibi akashtuka kukuta ukucha wake mwenyewe unagonga meza: tik, tik, tik. Ukaendelea hadi mafuta yakaisha, mstari ukalala usiinuke tena.

Mkuu akageuka. "Mama, tuzime?"

Bibi akauondoa ukucha mezani.

"Zima."

Setilaiti ipo kilomita mia tatu na kumi juu ya njia yake ya zamani, matangi matupu, redio imezimwa.